Amani ya Chetambe na mtu aliyehamishiwa Lamu

Mwaka 1948 serikali ya kikoloni ilimhamishia Lamu mtu wa bara aitwaye Elijah Masinde. Alikuwa Mbukusu, zamani mchezaji mpira mashuhuri, kisha kiongozi wa Dini ya Msambwa, iliyowataka Wazungu wafunge virago. Ukitaka kujua alifikaje pwani, ndugu msomaji, hutaanzia 1948. Utaanzia vita vya 1895, na zaidi utaangalia namna vita hivyo vilivyomalizwa.

Mumias, ambayo leo imo ndani ya Kaunti ya Kakamega, si mji mgeni kwetu. Misafara ya pwani ilikuwa ikipumzika hapo ikienda Uganda, na wafanyabiashara wetu walipokewa na watawala wa Wawanga tangu enzi za Nabongo Shiundu. Mwanawe, Nabongo Mumia, ndiye aliyewakuta Waingereza, akafanya urafiki nao. Mtu wa pwani akifika Mumias leo anasikia adhana na kukuta ukoo za Kiislamu za tangu siku hizo. Tuseme ukweli pia: misafara hiyo haikupeleka nguo na shanga tu. Bunduki nazo zilipita.

Na bunduki ndizo zilizoleta balaa. Waingereza walipoweka kituo Mumias mwaka 1894, silaha zao kadhaa ziliishia mikononi mwa Wabukusu. Kikosi cha askari wa Kisudani kikatumwa kuzirudisha, na wengi wao wakauawa. Mwaka uliofuata C. W. Hobley na wenzake wakaenda kulipiza, wakiwa na askari wa Kisudani, Waganda, Wamasai na Wawanga. Wabukusu walipigwa kwanza Lumboko, kisha katika ngome yao ya Chetambe, karibu na Webuye ya sasa. Ngome ya handaki na ukuta wa udongo haikuweza kustahimili bunduki za kisasa.

Baada ya hapo ikaja amani. Walioshindwa walitakiwa waukubali utawala mpya, wakaukubali, kwa kuwa hawakuwa na njia nyingine. Kwa watawala mambo yalikuwa yamekwisha. Lakini hapakuwa na kikao cha kuwauliza Wabukusu watatawaliwa na nani, wala ardhi na mifugo yao vitakuwaje. Jawabu lilitoka Mumias. Mumia alifanywa chifu mkuu mwaka 1909, na jamaa zake wakatawanywa kuwa machifu juu ya watu wasiokuwa wao. Murunga, nduguye Mumia, aliwekwa juu ya Wabukusu. Yaani waliosaidia kuivunja ngome ndio waliokuja kukusanya kodi na kuamua kesi. Makao ya wilaya yalihamishwa kutoka Mumias kwenda Kakamega mwaka 1920, lakini malalamiko dhidi ya machifu hao yaliendelea kwa miaka mingi.

Mimi simlaumu Mumia peke yake. Alilinda ufalme wake kwa njia aliyoiona. Lakini mpatanishi anayempa mshindi kiti na kumpa aliyeshindwa amri ya kutii, amefanya kazi nusu.

Mwaka 1947 Masinde aliwakusanya wafuasi wake Chetambe kuwakumbuka waliouawa pale miaka 52 nyuma. Februari 1948 polisi waliwapiga risasi waumini wa dini hiyo huko Malakisi, watu 11 wakafa. Dini ikapigwa marufuku, naye akaletwa Lamu. Serikali huru nayo ilikuja kumfunga. Alifariki mwaka 1987.

Mtu atasema hayo ni ya wakoloni. Basi tuangalie mkataba wa Sudan, uliojadiliwa Machakos na Naivasha chini ya Jenerali Lazaro Sumbeiywo na kutiwa saini Nairobi tarehe 9 Januari 2005. Ulikuwa kazi kubwa, ulisimamisha vita vya zaidi ya miaka 20. Hata hivyo mezani walikuwa wawili tu: serikali ya Khartoum na SPLM ya John Garang. Darfur ilikuwa ikiwaka moto wakati huohuo, na haikuwa na kiti. Makundi mengine ya kusini yenye silaha nayo yalikuwa nje. Sudan Kusini ikapata uhuru Julai 2011, na kufikia Desemba 2013 walikuwa wanauana wao kwa wao. Mkataba wa 2015 ulivunjika Julai 2016, ukatafutwa mwingine 2018.

Kwetu Kenya, baada ya damu ya uchaguzi wa 2007, iliyomwagika hadi Kakamega, Kofi Annan aliwapatanisha Kibaki na Raila tarehe 28 Februari 2008. Vyeo viligawanywa haraka. Dhuluma za kale na ardhi viliachiwa Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, iliyokabidhi ripoti yake Mei 2013. Makamishna watatu wa kigeni waliikataa sura ya ardhi, wakisema ilibadilishwa baada ya kukamilika. Baadhi ya yaliyoguswa yalihusu ardhi ya Pwani. Ripoti ilipelekwa bungeni, na mapendekezo yake mengi yangali karatasini hadi leo.