Uaminifu na ndugu zake

“Uaminifu” ni ndugu wa “imani”, “amana” na hata “amina”. Mzizi wao ni mmoja, wa Kisemiti, na kwetu ulifika kwa njia ya Kiarabu.

Sura ya 6 ya Kitabu cha Danieli iliandikwa kwa Kiaramu, na mzizi huohuo umo humo mara mbili. Mwanzoni unaeleza kwa nini maadui walikosa la kumshtaki Danieli katika kazi yake. Baadaye, kwa nini alitolewa katika tundu la simba bila jeraha: alimwamini Mungu wake.

Wahubiri wengi hukimbilia simba. Mimi huvutiwa zaidi na ofisi. Mfalme Dario aliweka maliwali 120, na juu yao wakuu watatu, Danieli akiwamo, ili mfalme asipate hasara. Kwa lugha ya leo, hao ni wakaguzi wa hesabu! Wenzake wakampekua, wasione ufisadi wala uzembe. Ndipo wakabuni amri ya siku 30: asiombwe yeyote ila mfalme. Danieli akaendelea kuomba mara tatu kwa siku, madirisha yakiwa wazi kuelekea Yerusalemu.

Siku hizi tumewatawanya ndugu hawa. Imani tumeiacha kwenye nyumba za ibada, amana tumeipeleka benki, uaminifu tumeubakiza kwa wanandoa na matangazo ya kazi. Mgawanyo huo haumfai Danieli hata kidogo. Msomaji, ukiifungua sura hiyo, zisome taratibu aya nne za kwanza.