Wageni wa Kilima cha Highgate

Makaburi ya Highgate yalifunguliwa mwaka 1839 kwenye mteremko wa kilima, kaskazini mwa London. Makundi ya wazuru huyapita taratibu, yakilielekea kaburi la Karl Marx, aliyezikwa 1883 mbele ya waombolezaji wachache mno, kisha 1954 akahamishiwa mahali pa wazi zaidi. Kushoto kwake yamewekwa majivu ya Claudia Jones, mzaliwa wa Trinidad aliyefukuzwa Marekani 1955. Karibu nao amelala Yusuf Dadoo wa Afrika Kusini, aliyefariki 1983, miaka kumi na mmoja kabla ya nchi yake kukombolewa. Jiwe la Marx ndilo kubwa, nalo hupigwa picha. Lakini wote watatu walikuwa wahamishwa. Anayelipita jiwe la Dadoo bila kusimama amekizuru kilima nusu.