Mngurumo Chini ya Cheapside

Kwa miaka mingi nilikuwa bawabu wa usiku katika jengo la ofisi pale Cheapside, mtaa wa kale katikati ya jiji la London. Kazi yenyewe ni kukaa. Una meza, taa, daftari la wageni wasiokuja, na chupa ya chai. Chini ya mtaa ule inapita Central line, njia ya treni za chini ya ardhi, na ofisi zikishakuwa tupu, treni unaanza kuisikia kwa nyayo kabla ya masikio. Kisha sakafu inanguruma, kioo cha mlango kinajibu, chai inachora duara kikombeni. Mpwa wangu alipokuja kutoka Unguja akaketi nami usiku mmoja, aliinuka akitaka kutoka nje. Alidhani ni tetemeko.

Bawabu wa usiku ana muda mwingi wa kusoma kuliko profesa. Nikaanza kumtafuta mtu wa kwanza aliyelalamika, na sikuhitaji kwenda mbali: alikuwa jirani yangu, ila alinitangulia kwa miaka mia moja.

Central London Railway, kampuni iliyoijenga njia hii, iliifungua kwa umma tarehe 30 Julai 1900, kutoka Shepherd's Bush hadi Bank, nauli pensi mbili uende popote. Kampuni haikutaka kuwalipa wenye nyumba kwa kupita chini ya misingi yao, basi mahandaki yakaufuata mkondo wa barabara za juu, kona kwa kona. Pale mtaa ulipokuwa mwembamba, handaki moja lilichimbwa juu ya jingine. Kisheria, basi, treni ilipita chini ya njia ya umma. Lakini mtikisiko hausomi hati za viwanja. Udongo wa mfinyanzi wa London uliupokea na kuusambaza kulia na kushoto, ukapanda kwenye nguzo na kuta za ofisi za watu.

Tatizo lilikuwa vichwa vya treni. Kila kimoja kilikuwa na uzito wa tani 44, na takriban tani 33 kati ya hizo zilikaa juu ya ekseli bila springi yoyote katikati, kwa sababu mota zilifungwa kwenye ekseli zenyewe, bila gia. Aliyewahi kupanda gari la ng'ombe kwenye barabara ya mawe anaielewa habari hii bila hesabu. Gurudumu likikuta bonde dogo kwenye reli, au kiungo kilichokaa vibaya, uzito wote ule unashuka na kupanda pamoja nalo, na kila ukishuka ni pigo. Pigo linaingia kwenye reli, kwenye mataruma, kwenye ukuta wa chuma wa handaki, kisha ardhini. Linapofika kwenye jengo ndipo sakafu na kuta zinapoligeuza kuwa sauti. Ndiyo maana kufunga madirisha hakusaidii kitu, hata yakiwa ya vioo viwili: sauti haikuingia kwa dirisha, imezaliwa humo humo chumbani.

Waliolalamika ni wengi kando ya njia nzima, lakini wanaokumbukwa ni wachora ramani wa Cheapside. Hawa walikuwa watu wa kalamu ya wino na rula, wanaolipwa kwa kunyoosha mstari, na walisema treni ikipita chini yao mstari haunyooki. Ukitazama vizuri, ni lalamiko lenye akili sana. Mtu akisema amekosa usingizi, utamwambia azoee. Mtu akikuletea karatasi yenye mstari uliopinda, amekuletea ushahidi.

Serikali ikasikia. Board of Trade, iliyosimamia mambo ya reli wakati ule, iliunda kamati, na majina yaliyomo yanaonyesha uzito wa jambo. Mwenyekiti alikuwa Lord Rayleigh, aliyekwisha kuandika kitabu kikubwa kuhusu nadharia ya sauti, na ambaye tangu mwaka 1885 alikuwa ameonyesha kwa hesabu jinsi mawimbi yanavyosafiri kwenye uso wa ardhi. Pamoja naye alikuwepo John Wolfe Barry, mhandisi wa Tower Bridge, na profesa James Ewing, ambaye ujanani alifundisha Tokyo na huko akatengeneza vyombo vya kupimia matetemeko ya ardhi. Kwa hiyo mpwa wangu hakuwa mbali na wataalamu.

Kampuni ilijaribu njia mbili. Kwanza, vichwa vitatu vilibadilishwa: vikawekewa mota nyepesi zaidi, uzito ukashuka hadi tani 31, na sehemu kubwa zaidi ya uzito huo ikabebwa na springi. Pili, treni mbili za mabehewa sita ziliondolewa kichwa kabisa. Mabehewa ya mwanzo na ya mwisho yakawekewa mota zake na chumba cha dereva. Wazo hilo lilikuwa la Mmarekani Frank Sprague, aliyelitumia kwanza kwenye reli ya juu ya barabara kule Chicago. Vichwa vyepesi vilipunguza mtikisiko. Treni zisizo na kichwa ziliuondoa karibu wote. Ripoti ilitoka Februari 1902, na ndani yake kamati ilizikosoa hata reli zenyewe kuwa zinapindika mno, ikashauri njia nyingine zisizitumie.

Kufikia Juni 1903 vichwa vyote 28 vilikuwa vimeondolewa kwenye treni za abiria. Vilikuwa havijatimiza miaka mitatu! Leo treni za chini ya ardhi za London hazina kichwa, na vitabu vingi vitakueleza kwamba ni kwa sababu ya wepesi wa kugeuza treni mwisho wa njia. Sababu hiyo ni kweli. Lakini kwenye njia hii kilichosukuma haraka ile ni watu wa kalamu.

Nilipofika hapo nikadhani nimepata chanzo. Baadaye nikakuta kwamba kuna aliyewatangulia, tena mkubwa zaidi. Reli ilifika Greenwich mwaka 1838 ikakwama hapo kwa miaka 40. Kwenye kilima cha bustani ya Greenwich kuna kituo cha falaki, kile kile ambacho sisi wa Afrika Mashariki tunahesabu saa zetu kuwa tatu mbele yake. Mkuu wa kituo, George Airy, alitumia bakuli la zebaki kama kioo cha kulaza, ili ajue darubini imenyooka wima kiasi gani. Zebaki ikitikisika kidogo tu, nyota haisomeki. Airy akawa miongoni mwa waliopinga treni kukatiza bustanini. Njia ya kuendelea mashariki ilifunguliwa mwaka 1878 tu, nayo ikapitishwa chini zaidi ya kilima, kwenye handaki fupi chini ya majani yaliyo mbele ya jumba la Queen's House.

Basi wa kwanza kusikilizwa walikuwa nyota, wa pili ni mistari ya wino. Wenye kulala walisubiri sana. Wahenga wetu walisema kelele za mlango haziniwasi usingizi, lakini mlango mtu anaufunga mwenyewe.

Hata muziki uliwatangulia. Ukumbi wa Royal Festival Hall, uliofunguliwa mwaka 1951 jirani na daraja la reli la Hungerford, uliinuliwa juu ya nguzo na kuzungukwa na vyumba vingine pande zote ili treni zisiingilie muziki. Wasanifu wenyewe waliutaja kuwa yai ndani ya sanduku. Kule New York, majengo ya Park Avenue yaliyosimama juu ya njia za kuingilia stesheni ya Grand Central yalikuwa zamani yakiwekewa mabamba ya risasi na asbesto chini ya nguzo. Makazi ya London yalipata zamu yao katikati ya miaka ya 1960, pale Albany Court, jengo la fleti lililojengwa juu ya stesheni ya St James's Park. Jengo zima lilikalishwa juu ya vitalu vya mpira wa asili. Watu walicheka, nasikia, kwamba nyumba ya ghorofa inasimama juu ya mpira. Lakini mpira ukibanwa kwa uzito sahihi unakuwa springi, na springi laini chini ya uzito mkubwa haiwezi kufuata mapigo ya haraka ya treni. Mapigo yanaishia chini.

Ujanja huo huo unaweza kufanyiwa reli badala ya nyumba. Elizabeth line, iliyofunguliwa tarehe 24 Mei 2022, inapita chini ya Soho penye studio za kurekodia, na chini ya Barbican penye ukumbi wa muziki. Katika sehemu hizo reli zimelazwa juu ya zege linaloelea: bamba zito lisilogusa handaki ila kupitia vitu laini vilivyo chini yake. Viwango vya mngurumo vilipangwa kabla ya kuchimba. Kwa kumbi za muziki na michezo ya kuigiza, desibeli 25. Kwa studio, 30. Kwa chumba cha kulala cha mtu, 40. Sikio la binadamu huhesabu ongezeko la desibeli 10 kama kelele maradufu, kwa hiyo aliyelala anaruhusiwa kusikia karibu mara tatu ya anachosikia aliyekata tiketi.

Mimi ni mtu wa taarabu; najua thamani ya kile kimya kabla ya udi kuanza, na siwaonei choyo. Tena 40 si kelele nyingi. Ninachosema ni kwamba orodha ile ina historia, na anayeisoma anawaona ndani yake Airy na wachora ramani.

Kwenye sehemu kubwa ya njia za zamani hakuna zege la kuelea, na kuliweka kungehitaji handaki pana zaidi. Kinachofanyika huko ni kazi ya mkono na mashine ndogo. Magurudumu huziachia reli vijimawimbi, mgongo na bonde, sentimita chache kutoka kimoja hadi kingine. Vikiwa na nafasi ya sentimita 10, treni ya kilomita 50 kwa saa inagonga karibu mara 140 kwa sekunde, na huo ndio mngurumo unaowaamsha watu. Dawa ni kuzisaga reli mpaka ziwe laini, au kubadilisha vishikio vinavyozifunga kwenye mataruma viwekwe vyenye mpira. Yote mawili yanahitaji umeme uzimwe na treni zisiwepo, yaani kuanzia kama saa saba za usiku hadi saa kumi na moja alfajiri. Tarehe 19 Agosti 2016, Central line na Victoria line zilianza kukesha usiku wa Ijumaa na Jumamosi, jambo linalompendeza kila kijana wa jiji hili. Mafundi wa reli kwenye njia hizo wamebaki na siku tano za wiki, na kila usiku wana saa nne za kushuka, kusaga, kufagia vumbi la chuma na kupanda tena.