Tone la Dawa Katika Jicho la Kuku

Somo letu la historia leo halihusu wafalme wala vita. Lahusu ndege tunayelala naye nyumba moja, yaani kuku, na jinsi watu walivyohangaika miaka mingi kumpatia dawa.

Kila mwenyeji wa Dodoma, Bahi, Kongwa au Mpwapwa aujua ugonjwa nitakaousema. Wengine huuita kideri, wengine mdondo. Jioni kuku wamerudi wote. Asubuhi mmoja amejitenga, manyoya yamemsimama, mabawa yanaburura chini, kinyesi chake ni cha kijani, naye anapumua kwa shida kinywa wazi. Mwingine shingo yampinda hata hawezi kudonoa. Kabla ya siku nyingi kupita, banda limebaki tupu. Mahali ambapo kuku hawakupata kinga, ugonjwa huu huweza kuwamaliza karibu wote.

Hasara hii hupata watu wa namna fulani. Ng'ombe huhesabiwa kuwa mali ya baba, lakini kuku mara nyingi ni akiba ya mama. Ndiye hununua chumvi, sabuni na daftari la mtoto, na ndiye nauli ya kwenda hospitali usiku. Kuku kadhaa hubadilishwa kwa mbuzi, na mbuzi nao wakaleta ndama. Banda likiwa tupu, ngazi hiyo imevunjika chini kabisa, mahali anapoanzia mtu maskini.

Sasa tutazame nyuma. Kuanzia mwaka 1890 hivi, sotoka iliteketeza ng'ombe wa nchi hizi za Afrika Mashariki, na njaa ikafuata. Mwaka 1905 Wajerumani, ambao wazee wetu waliwaita Wadachi, walianzisha maabara ya mifugo papa hapa kwetu, Mpwapwa. Waingereza walipochukua nchi waliiendeleza kazi hiyo. Hata hivyo fikira za wakubwa zilikuwa juu ya ng'ombe. Kuku hakutozwa kodi, ngozi yake haikupelekwa ng'ambo, na mwenyewe alikuwa mwanamke. Kwa maoni yangu, hiyo ndiyo sababu alingoja sana zamu yake.

Kideri kilitambuliwa na wataalamu mwaka 1926, karibu wakati mmoja katika kisiwa cha Java, Indonesia, na katika mji wa Newcastle, Uingereza. Ndiyo maana vitabu vya mabwana mifugo huuita ugonjwa wa Newcastle. Katika Kenya uliandikwa mwaka 1935. Unaletwa na virusi, yaani vijidudu vidogo mno visivyoonekana hata kwa darubini ya kawaida.

Hapa ndipo penye kiini cha somo. Kuku akiisha kuugua kideri, hakuna dawa ya kumponya. Bibi zetu walimtilia maji ya shubiri, ya pilipili au ya majivu. Wengine leo humpa unga wa vidonge vya binadamu. Siwacheki, kwani mwenye kuona mali yake inakufa hujaribu kila kitu. Lakini vidonge hivyo huua vijidudu vya namna nyingine, virusi haviguswi. Na yule kuku mmoja aliyepona baada ya kunyweshwa shubiri angalipona vivyo hivyo, ila sifa huchukuliwa na shubiri. Basi dawa ya kideri ni chanjo, nayo hupewa kuku mzima, anayekimbia, asiyeonyesha dalili yoyote. Jambo hili ni gumu kulikubali. Nani atoe senti zake kwa ajili ya kuku asiyeumwa?

Chanjo zilipatikana tangu miaka ya 1940, na moja iliyoenea sana, iitwayo LaSota, ilitoka Marekani. Zilifanya kazi njema kwa wenye mabanda makubwa mjini. Kijijini zilishindwa kwa sababu mbili. Kwanza, ni viumbe hai vilivyodhoofishwa, navyo hufa kwa joto, kwa hiyo vilitaka barafu tangu kiwandani hata mlangoni kwa mfugaji. Fikirini njia ya vumbi kwenda vijiji vya mbali mwezi wa Oktoba, jua la saa saba, na barafu imekwisha kuwa maji. Pili, kichupa kimoja kilikuwa na dozi za kuku mamia, nacho kilichanganywa katika maji ya kunywa. Nani kijijini ana kuku mamia? Na kuku anayezurura hunywa atakapo, pengine dimbwini kwa jirani.

Msaada ulitoka Australia. Huko walipatikana virusi vya jamii ya kideri visivyoumiza kuku, na baadhi yao vilistahimili joto. Profesa Peter Spradbrow wa Chuo Kikuu cha Queensland, pamoja na wenzake, alichagua mbegu iliyopewa jina I-2, na mbegu hiyo ikatolewa bila malipo kwa maabara za nchi maskini ili zijitengenezee chanjo zenyewe. Kwetu Tanzania ilijaribiwa na wataalamu wa maabara ya Temeke, Dar es Salaam, juu ya kuku wa kizungu na wa kienyeji pia, na matokeo yao yakachapishwa mwaka 2000. Tangu mwaka 2012 maabara hiyo imo chini ya Wakala wa Maabara ya Veterinari.

Kichupa cha I-2 hakitaki barafu njiani. Chaweza kukaa nje ya jokofu majuma kadhaa kikifichwa jua. Watu hufundishwa kukifunga kwa kitambaa kibichi na kukitia katika kikapu kinachopitisha hewa. Ajuaye kwa nini maji ya mtungi huwa baridi ameelewa shauri hili bila kufundishwa. Katika Wilaya ya Manyoni, jirani zetu wa magharibi, kuanzia miaka ya 2010 wanakijiji wenyewe, wake kwa waume, walifunzwa uchanjaji. Walipita nyumba kwa nyumba kila baada ya miezi minne, na mwenye kuku alilipa ada ndogo kwa kila ndege.

Kumpa dawa kwenyewe ni hivi. Mtoto humshika kuku mapema asubuhi kabla hajafunguliwa, akambana mabawa kifuani. Mchanjaji humlaza kichwa upande na kudondosha tone moja katika jicho moja, kisha hungoja mpaka apepese. Machozi yana njia ya kushukia puani na kooni, ndiyo maana tone moja latosha. Kifaranga na jogoo hupata kiasi kilekile. Kinga huhitaji kama majuma mawili kukomaa, nayo hupungua, kwa hiyo chanjo hurudiwa kila miezi 3 au 4. Aliyekwisha kuugua asichanjwe. Na ugonjwa ukiwa tayari umeingia bandani, msimlaumu mchanjaji wala chanjo, maana kuku walikuwa nao mwilini kabla ya tone.

Ninyi mnaojua sasa kusoma, itazameni karatasi ya kichupa. Pameandikwa siku ya kuharibika. Siku hiyo ikiwa imepita, kikataeni, hata kama muuzaji ni ndugu. Na katika daftari zenu choreni mistari mitatu ya kusimama: tarehe, idadi ya kuku waliochanjwa, na tarehe ya kuchanja tena.