Siasa, Sera na Uteuzi wa Chuo

Neno siasa na neno saisi ni ndugu wa tumbo moja, na yote mawili Kiswahili kiliyapokea kutoka katika Kiarabu. Saisi ni mtunza farasi: humlisha, humnywesha, humzoeza hatamu, na hujua kwa kumgusa tu ni mguu upi uumao. Siasa ni kazi ya namna hiyo juu ya jamii ya watu. Kwa muda mrefu neno hilo lilibeba maana mbili pasipo kulemewa, yaani mashindano ya kushika mamlaka, na mpango wa kuyatumia mamlaka yakiisha kushikwa. Mwaka 1967 Azimio la Arusha lilipotoka pamoja na siasa ya TANU juu ya ujamaa na kujitegemea, watu walifahamu kuwa siasa hiyo ni mpango, wala si ugomvi wa kura. Baadaye neno sera lilikuja kuchukua maana ya pili, na siasa ikaachiwa zaidi ile ya kwanza.

Mgawanyo huo wa maneno una mfano wake katika historia ya vyuo. Kijana aliyekwisha kupata shahada ya kwanza, akatamani kuendelea na masomo ya sera za umma, hukuta mbele yake majina mengi ya vyuo vya nchi nyingi. Aghalabu hutazama umaarufu, ada na ufadhili. Mambo hayo si madogo. Walakini kila chuo cha namna hiyo kilizaliwa na haja ya watu fulani katika saa fulani, na ndani ya haja hiyo mlikuwamo jibu la swali moja: je, sera yaweza kutengwa na siasa? Achaguaye chuo huchagua na jibu hilo pia, ajue asijue.

Uingereza ilianza na chuo cha wafanyabiashara. Mwaka 1806 Kampuni ya East India ilifungua chuo cha kuwafunza vijana wake kabla ya kuwapeleka Bara Hindi, na mwaka 1809 chuo hicho kikahamia Haileybury. Huko vijana walifundishwa lugha za Mashariki, sheria, historia na uchumi. Mwalimu wa uchumi alikuwa Thomas Malthus, yule aliyeandika juu ya wingi wa watu na uhaba wa chakula, naye alifundisha humo mpaka alipofariki mwaka 1834. Masomo yalikuwa mazuri, walakini yalikosa jambo moja: Wahindi waliokusudiwa kutawaliwa hawakuwa na sauti yoyote katika utawala huo. Siasa ilikuwa ya London, na utekelezaji ulikuwa wa Bara Hindi. Chuo kilifungwa mwaka 1858, mwaka uleule utawala wa Kampuni ulipokwisha baada ya maasi makubwa. Kumbe mtu aweza kujua lugha ya raia, sheria yake na hesabu ya mavuno yake, na bado asijue anachokitaka.

Wafaransa walisukumwa na aibu ya vita. Walishindwa na Prussia katika miaka ya 1870 na 1871, na Émile Boutmy aliamini kuwa nchi yake ilikuwa imepungukiwa na viongozi wenye elimu ya mambo ya dola. Basi mwaka 1872 alifungua mjini Paris chuo huru cha elimu ya siasa. Baada ya vita vikuu vya pili, mwaka 1945, serikali ya de Gaulle ilianzisha chuo cha taifa cha utawala, ENA, ili nafasi za juu zipatikane kwa mtihani, pasipo kutazama nasaba. Nia ilikuwa njema, na chuo hicho kilitoa marais na mawaziri wengi. Hata hivyo, miaka ilivyopita ndivyo lawama zilivyozidi kwamba mtihani ule ulifaulisha zaidi watoto wa waliokwisha kufaulu. Baada ya maandamano ya wavaa vizibao vya manjano yaliyoanza mwaka 2018, Rais Emmanuel Macron, naye mwenyewe mhitimu wa ENA, aliahidi kukiondoa. Na mwanzoni mwa mwaka 2022 taasisi nyingine ya utumishi wa umma ilishika mahali pake. Mlango uliofunguliwa kwa ajili ya wote ulikuwa umegeuka kuwa mlango wa wachache.

Mjini London, mwaka 1895, Sidney na Beatrice Webb pamoja na wenzao walianzisha chuo cha uchumi na elimu ya siasa, LSE, kwa fedha za wasia alizoachiwa chama chao cha Fabian. Wao hawakukusudia kutunza dola kama ilivyokuwa. Walitaka kuitengeneza upya kwa ushahidi wa tarakimu na uchunguzi wa maisha ya maskini. Humo ndimo alimosoma Jomo Kenyatta chini ya Bronisław Malinowski, na mwaka 1938 akatoa kitabu chake juu ya Wagikuyu. Elimu ya mila za watu, ambayo watawala walizoea kuitumia ili wajue namna ya kuwatawala Waafrika, Kenyatta aliitumia kutetea haki ya watu wake juu ya ardhi yao. Mfano huu wafaa kukumbukwa, kwa kuwa wathibitisha kwamba chuo hakimfungi mwanafunzi ajuaye alichokwenda kukitafuta.

Ni Marekani hasa iliyojaribu kuitenga sera na siasa. Mwaka 1887 Woodrow Wilson, aliyekuwa mwalimu na baadaye akawa rais, aliandika makala akisema kuwa uendeshaji wa serikali ni elimu ya pekee, nje ya purukushani za vyama. Miji ya Marekani wakati ule ilikuwa imejaa rushwa, na hoja yake iliwapendeza waliochoka. Mwaka 1906 wapenda mageuzi wa New York walianzisha ofisi ya kuchunguza hesabu za mji, na mwaka 1911 wakaongeza shule ya kuwafunza watumishi. Mwaka 1924 kazi ya shule hiyo ilihamia Syracuse, katika chuo cha Maxwell. Mwaka 1936 Harvard nayo ilianzisha chuo chake cha utawala wa umma kwa fedha za Lucius Littauer, tajiri wa glovu aliyewahi kuwa mbunge, aliyetoa dola 2,000,000. Chuo hicho kilipewa jina la John F. Kennedy mwaka 1966. Shabaha ya vyuo hivi vya kwanza ilikuwa mtumishi mwaminifu, ajuaye bajeti, sheria na taratibu za ofisi.

Kizazi cha pili kilikuwa na shabaha nyingine. Mwaka 1961 Robert McNamara alitoka katika kampuni ya magari ya Ford akawa Waziri wa Ulinzi. Alikwenda na wachumi waliozoea kupima kila silaha kwa gharama yake na faida yake. Njia yao ilimvutia Rais Lyndon Johnson hata mwaka 1965 akaagiza itumike katika idara nyingine za serikali. Kwa ghafula wakahitajika watu wa kuifanya kazi hiyo, na kati ya mwaka 1967 na 1971 vikachipuka vyuo na mitaala ya sera za umma: Michigan, Berkeley, Harvard, RAND na kwingineko. Humo uchumi na takwimu vilikalia kiti cha mbele. Ndiyo sababu mpaka leo ziko shahada mbili zenye majina yanayokaribiana: ile ya utawala wa umma, ambayo kwa asili huelekea uendeshaji wa kazi, na ile ya sera za umma, ambayo kwa asili huelekea upimaji wa mipango. Vyuo vingi siku hizi vimechanganya, walakini achaguaye akisoma orodha ya masomo ya lazima ataona upesi chuo kimelalia upande gani.

Je, upimaji huo ulifaulu? Vita vya Vietnam vilijibu sehemu ya swali hilo. Wakuu wa vita walihesabu maiti za adui, safari za ndege na tani za mabomu, na hesabu ziliwaambia kuwa wanashinda. Hawakuweza kuhesabu nia ya wakulima wa Vietnam, basi wakaiacha nje ya hesabu. Nayo ndiyo iliyowashinda. Aaron Wildavsky, mkuu wa kwanza wa chuo cha Berkeley kilichoanzishwa mwaka 1969, alikuwa amekwisha kuonya. Katika kitabu chake cha mwaka 1964 alionyesha kuwa bajeti ya serikali ni matokeo ya mabishano ya watu wenye haja mbalimbali, wala hakuna kanuni ya hesabu iwezayo kuyamaliza mabishano hayo. Mtu huyu aliyetilia shaka mtindo wa kupima kila kitu ndiye aliyekabidhiwa kuwafundisha wapimaji, na ilikuwa busara.

Afrika ya Mashariki haikuwa mtazamaji tu wa mambo haya. Mwaka 1953 serikali ya kikoloni ilifungua Mzumbe, karibu na Morogoro, shule ya serikali za mitaa kwa ajili ya machifu, madiwani na makarani. Mwaka 1972 shule hiyo iliunganishwa na taasisi ya utawala wa umma ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ikawa Chuo cha Uongozi wa Maendeleo, na mwaka 2001 ikawa Chuo Kikuu cha Mzumbe. Kenya nayo ilipata chuo cha utawala huko Kabete mwaka 1961, ambacho tangu mwaka 2012 ni Chuo cha Serikali cha Kenya. Mwaka huohuo wa 1961 TANU ilifungua Kivukoni kwa mfano wa Ruskin, chuo cha wafanyakazi kilichoko Oxford. Na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam chenyewe kilianza Oktoba 1961, kwa kitivo cha sheria, ndani ya jengo la TANU katika Mtaa wa Lumumba. Elimu ya dola na chama cha siasa vililala chini ya paa moja, wala hapana aliyestaajabu.

Wako waliokwenda mbali, na safari zao zina mafunzo. Julius Nyerere alikuwa na stashahada ya ualimu ya Makerere alipokwenda Edinburgh mwaka 1949. Huko hakuchagua somo moja jembamba. Alisoma historia, uchumi, falsafa ya maadili, sheria ya katiba, Kiingereza na elimu ya jamii za watu, akarudi mwaka 1952 na shahada ambayo kwa desturi ya Scotland huitwa ya uzamili ingawa ni ya kwanza. Miaka miwili baadaye TANU ilizaliwa. Tom Mboya alikaa Ruskin mwaka mmoja tu, 1955 hadi 1956. Hakurudi na shahada kubwa, bali mwaka 1959 alifanikisha safari ya wanafunzi 81 kwenda vyuo vya Marekani, na mwaka 1965, akiwa waziri wa mipango ya uchumi, aliongoza utoaji wa waraka wa serikali ya Kenya juu ya ujamaa wa Kiafrika. Waraka huo ulikubaliwa na wengine na kupingwa na wengine, walakini kwa miaka mingi mipango ya Kenya haikuweza kuupuuza.

Lakini kuna swali ambalo orodha za vyuo hazilitaji: nani alipaye, na msomi awiwa na nani? Swali hili lililipuka Dar es Salaam tarehe 22 Oktoba 1966. Serikali ilikuwa imeamua kwamba wahitimu watumikie taifa kwa miaka miwili, na kwa sehemu kubwa ya muda huo wapokee asilimia 40 tu ya mshahara. Wanafunzi waliandamana hadi Ikulu wakidai kuwa masharti hayo ni mazito, na kwamba wakubwa serikalini wanakula mishahara minene. Nyerere alikubali hoja ya mishahara papo hapo, akapunguza wake kwa asilimia 20. Kisha akawarudisha makwao wanafunzi wapatao 400. Kila upande ulikuwa na haki yake. Wanafunzi waliona unafiki wa wakubwa. Rais aliona deni la wanafunzi. Alikwisha kumfananisha msomi na mtu aliyepewa chakula chote cha kijiji chenye njaa, apate nguvu za kwenda mbali kuwaletea wenzake msaada. Miezi michache baadaye Azimio la Arusha lilitangazwa, na viongozi wakawekewa miiko.

Kwa hiyo ateuaye chuo na apime mambo haya pamoja na ada na jina. Kwanza, atazame chuo kilizaliwa na haja ya nani, kwa kuwa chuo kilichojengwa kwa ajili ya idara za Washington hufundisha vyema maswali ya Washington, na mwanafunzi kutoka Singida au Kitui yampasa aende na maswali yake mwenyewe mfukoni. Pili, asizikimbie hesabu. Ofisa asiyeweza kusoma bajeti hudanganywa na kila aletaye jedwali, na maskini ndio wanaolipia ujinga wake. Lakini atafute pia mahali ambapo historia, sheria na maadili hayakuwekwa kuwa pambo. Tatu, aulize wahitimu wa nchi kama yake wako wapi sasa: wamo katika halmashauri na wizara za kwao, au wamebaki kuandika ripoti juu ya kwao wakiwa ugenini? Nne, asidharau chuo cha nyumbani. Huko ndiko aliko yule mtawaliwa ambaye Haileybury haikumsikiliza, na ndiko makosa ya sera huonekana kwa macho, katika zahanati isiyo na dawa na barabara iliyosombwa na mvua.

Saisi hodari hakufundishwa na kitabu peke yake, wala na farasi peke yake. Alihitaji mwalimu wa kumwonyesha hatamu, kisha akahitaji kukaa zizini. Chuo chaweza kumpa mtu hatamu. Chuo chema humkumbusha pia kwamba zizi liko, na kwamba kuna wanaomngojea humo, waliojinyima ili yeye aende.