Kipande: viza ya kazi ya babu zetu

Leo naweka programu kando, tuzungumze historia kidogo.

Vijana wanaotafuta kazi za programu Marekani huuliza sana swali hili: nikiwa na viza ya H-1B, naweza kuanzisha kampuni yangu, niishughulikie jioni? Kumiliki hisa unaweza. Kuifanyia kazi huwezi, mpaka kampuni hiyo yenyewe ikuombee kibali. Viza imefungwa kwa mwajiri. Ukiachishwa kazi, una siku 60 tu za kupata mwajiri mwingine au kufunga virago.

Wengi huliona jambo hili kuwa geni. Kwetu Kitale si geni hata kidogo.

Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, ardhi ya Trans-Nzoia iligawiwa walowezi wa Kizungu, na mashamba yao yalihitaji mikono. Hapo sheria ya usajili ya 1915 ikaanza kutekelezwa: kila mwanamume Mwafrika aliyepita miaka 16 abebe kipande, karatasi ndani ya mkebe wa chuma, mara nyingi ukining'inia shingoni. (Hadi leo kitambulisho tunakiita kipande!)

Sasa kitazame kama mtu wa hifadhidata. Jina, kabila, alama za vidole, mwajiri, mshahara, tarehe ya kuanza kazi, na sahihi ya mwajiri ya kukuachilia. Sehemu hiyo ya mwisho ikiwa tupu, hakuna mwingine aliyeruhusiwa kukuajiri, na ukiondoka tu unashtakiwa kwa kutoroka. Mfumo mzima ulisimama juu ya sehemu moja, na kalamu alikuwa nayo mwajiri. Harry Thuku alikipinga kipande hadi akakamatwa Machi 1922.

Na biashara je? Hapo ndipo maskwota wanapoingia. Sheria ya 1918 iliwataka wamfanyie mlowezi kazi angalau siku 180 kwa mwaka, nao wapate mahali pa kulima na kulisha mifugo. Wengi hawakufuata mshahara, walifuata malisho. Kwa lugha yetu ya leo walikuwa wajasiriamali, na ile ajira ndiyo iliyokuwa kibali chao cha kuishi pale. Walipoongeza ng'ombe na mahindi, walowezi wakashtuka: mtu mwenye mali yake hana haraka ya kwenda shambani kwa mwingine. Mwishoni mwa miaka ya 1920 mifugo ya maskwota ikafagiliwa Bonde la Ufa, na wenyewe wakaiita operesheni hiyo "kifagio". Sheria ya 1937 ikawapa walowezi nguvu zaidi za kupunguza mifugo na kuongeza siku za kazi.

Hapa Kipsongo, ambako majirani wengi ni Waturkana, kuna jambo la ziada. Turkana ilikuwa wilaya iliyofungwa, ya kuingia na kutoka kwa ruhusa. Kwa Mturkana wa wakati huo, Kitale ilikuwa ng'ambo kabisa!

Kipande cha Waafrika peke yao kiliondolewa mwishoni mwa miaka ya 1940. Lakini Kenya huru nayo, mwaka 1967, ilitunga sheria mbili: moja ikawadai wasio raia vibali vya kazi, nyingine ikawazuia kuuza bidhaa fulani na kufanya biashara nje ya maeneo yaliyotengwa. Waasia wengi waliokuwa na maduka hapa kwa vizazi wakajikuta wageni, wakafunga na kuhama. Hata leo mgeni mwenye kibali cha daraja D amefungwa kwa mwajiri wake hapa Kenya. Akitaka biashara yake anaomba daraja G, na aonyeshe mtaji wa dola 100,000.

Marekani ililegeza kidogo Januari 2025. Mwenye hisa nyingi anaweza kuombewa H-1B na kampuni yake mwenyewe, ila kibali cha kwanza ni cha miezi 18 badala ya miaka mitatu.