Kopa Ng'ombe, Lipa Ng'ombe: Historia Fupi ya Msaada Unaozaa



Kila Desemba tunapopanda mlimani tunabeba mchele, sukari, mafuta ya kupikia na nguo kwa ajili ya kaya zisizojiweza. Ni desturi njema na haitaachwa. Lakini sote tunajua kwamba ikifika Machi, mchele umekwisha na kaya ni ileile. Ndiyo maana mkutano mkuu uliamua sehemu ya michango ya mwaka huu iende kwenye mfuko wa mitamba. Baadhi ya wanachama waliuliza, tena kwa haki kabisa: wazo hili limetoka wapi, na limewahi kufanikiwa mahali? Makala haya yanajibu kwa historia.

Kikombe cha maziwa, Hispania

Mwaka 1936 vita vya wenyewe kwa wenyewe vilizuka Hispania, vikadumu hadi 1939. Miongoni mwa wageni waliokwenda kugawa chakula alikuwa Dan West, mkulima kutoka jimbo la Indiana, Marekani, muumini wa Kanisa la Brethren. Kanisa hilo linafundisha waumini wake wasishike silaha, hivyo wengi wao hujitolea katika kazi za kuokoa maisha.

Kazi yake ilikuwa kugawa maziwa ya unga kwa watoto. Maziwa hayakutosha. Kila siku ilibidi kuamua mtoto yupi apate kikombe na yupi akose, na aliyepata leo alirudi kesho akiwa na njaa ileile. Kwao Indiana nyasi zilikuwa tele na kila mkulima alikuwa na ng'ombe. Akajiuliza: kwa nini tugawe vikombe ilhali tunaweza kutoa ng'ombe?

Aliporudi nyumbani mwaka 1938 alianza kuwashawishi wakulima wenzake. Hakuomba fedha. Aliomba kila mwenye uwezo alee ndama jike mmoja kwa ajili ya familia maskini ya nchi nyingine.

Mitamba 17

Wakati huo bahari ya Ulaya ilikuwa imefungwa na vita vikuu vya pili. Kwa hiyo shehena ya kwanza, mitamba 17, ilipelekwa katika kisiwa cha Puerto Rico mwaka 1944. Mitamba watatu wa mradi huo walikuwa wamepewa majina: Imani, Tumaini na Upendo.

Kwa nini mtamba na si ng'ombe mkubwa? Mfugaji yeyote wa kwetu anaweza kujibu. Mtamba ana miaka mingi ya kuzaa mbele yake, na akitolewa na mimba, familia inapata maziwa na ndama kwa pamoja. Lakini jambo kubwa zaidi lilikuwa sharti. Aliyepokea aliahidi kumtoa ndama jike wa kwanza kwa familia nyingine yenye shida. Kwa sharti hilo mpokeaji aligeuka kuwa mtoaji. Hakubaki na deni la shukrani kwa mgeni wa mbali asiyemjua, bali alilipa kwa jirani anayemjua, na kijiji kizima kikaona.

Vita vilipokwisha mwaka 1945, mifugo ya Ulaya ilikuwa imechinjwa au kuporwa. Shirika la Umoja wa Mataifa la misaada, UNRRA, lilisafirisha farasi, nyumbu na ng'ombe kwa meli hadi Poland, Ugiriki, Czechoslovakia na kwingineko. Wanyama wengi walikuwa wa shirika hilo lenyewe, na sehemu yao walikuwa wa mradi wa mitamba. Vijana na wazee takriban 7,000 walijitolea kuwahudumia wanyama hao baharini. Baadaye mbuzi wa maziwa walipelekwa Okinawa, Japani, ambako vita viliteketeza karibu kila kitu. Mbuzi walifaa kuliko ng'ombe kwa sababu mashamba ya kule ni madogo. Tangu mwanzo, basi, mnyama alichaguliwa kulingana na shamba la anayepokea.

Wazo linafika kwetu

Mwaka 1974 mradi huo, ambao leo unaitwa Heifer International, ulianza kazi Tanzania. Katika miaka iliyofuata wafadhili mbalimbali, wakiwemo Waholanzi, waliendesha mipango ya namna hiyo Tanga na Kagera, na nyanda za juu kusini nako utaratibu huo ukaingia. Wananchi waliupa jina linaloeleweka mara moja: kopa ng'ombe, lipa ng'ombe. Mwaka 2006 Rwanda ilianza mpango wake wa taifa, Girinka, ambamo familia maskini hupewa ng'ombe na kutoa ndama jike kwa jirani.

Sisi wa Kilimanjaro hatukuhitaji kufundishwa kufuga ng'ombe bandani. Wazee wetu walifanya hivyo kabla wataalamu hawajatunga jina lake. Ng'ombe alikaa ndani, majani yakakatwa na kubebwa kutoka porini, na samadi ikarudi kwenye migomba na, baadaye, kwenye kahawa. Wala kukopeshana ng'ombe si kitu kigeni. Mwenye ng'ombe wengi aliwapeleka baadhi kwa watu wengine wawatunze. Mtunzaji alipata maziwa na samadi, naye mwenye mali alieneza hatari, ili ugonjwa ukiingia banda moja usimalize wote.

Hata hivyo kuna tofauti moja ambayo ni vizuri tuitaje wazi. Katika desturi ya zamani ng'ombe alibaki wa tajiri. Mtunzaji alishiba, lakini alibaki chini ya mkono wa mwenye mali, na ng'ombe angeweza kuchukuliwa. Katika kopa ng'ombe, lipa ng'ombe, ukishatoa mtamba mmoja deni limekwisha: ng'ombe ni wako, ndama wanaofuata ni wako, na hakuna wa kukupigia hodi. Kujitegemea ndiko huko.

Pale mambo yalipokwama

Tusidanganyane kwamba ng'ombe ni muujiza. Ng'ombe mwenye uzito wa kilo 400 anahitaji takriban kilo 40 za majani mabichi kila siku, na maji mengi juu yake. Majani hayo yana mbebaji, na kwetu mbebaji kwa kawaida ni mama. Nusu ya ndama huzaliwa madume. Ndama jike naye huchukua zaidi ya mwaka mmoja kabla ya kufaa kupandishwa. Ndigana kali huweza kumaliza ng'ombe wa kisasa kwa siku chache. Kaya isiyo na ardhi, isiyo na mtu mwenye nguvu na isiyo na senti ya dawa huweza kupewa ng'ombe leo na kumuuza mwezi ujao, si kwa uvivu bali kwa sababu mtoto anaumwa.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hiyo inadhani shamba lipo na kwamba mgeni amekwisha kula siku mbili za kwanza. Kwa familia fukara kabisa, mara nyingi vyote viwili havipo.

Waliolifanyia kazi jambo hili kwa makini ni shirika la BRAC la Bangladesh, lililoanzishwa na Fazle Hasan Abed mwaka 1972. Waligundua kwamba hata mikopo midogo, iliyoifanya nchi yao ijulikane duniani, haikuwafikia walio chini kabisa. Mwaka 2002 wakaanza mpango mpya kwa ajili yao. Kila kaya ilipewa mnyama au mtaji wa biashara, posho ya chakula kwa miezi ya mwanzo ili mnyama asiuzwe, mafunzo, mahali pa kuweka akiba, na mtu wa kuwatembelea mara kwa mara kwa muda wa takriban miaka miwili.

Utaratibu huo ulijaribiwa Ethiopia, Ghana, Honduras, India, Pakistani na Peru, kwa kaya zaidi ya 10,000, na matokeo yalichapishwa mwaka 2015. Mwaka mmoja baada ya msaada kukoma, kaya zilizosaidiwa bado zilikuwa na matumizi makubwa kuliko zile ambazo hazikusaidiwa, kwa takriban asilimia 5. Si utajiri, lakini ni nafuu iliyobaki baada ya wafadhili kuondoka. Honduras ndiko mambo hayakwenda vizuri: kaya nyingi zilichagua kuku, na kuku wakafa kwa ugonjwa.

Tunachojifunza kwa mfuko wetu

Kwanza, mtamba asitolewe peke yake. Michango inunue mtamba pamoja na chanjo, dawa ya kupe, vifaa vya banda na posho ya miezi ya mwanzo. Heri kaya chache zilizosimama kuliko kaya nyingi zilizopigwa picha.

Pili, kaya ioteshe majani ya kulishia kabla mtamba hajafika, na kamati ikague. Pasipo na eneo au nguvu, tutoe mbuzi wa maziwa, kama walivyofanya kwa watu wa Okinawa.

Tatu, mkataba uandikwe kwa jina la mama wa nyumba pia, kwa kuwa ndiye atakayebeba mzigo.

Nne, sharti la kurudisha lisilegezwe kwa huruma. Akizaliwa dume tusubiri mzao unaofuata. Ng'ombe akifa kwa ugonjwa tukae na kaya tusikilizane. Lakini anayeweza kulipa alipe, kwa sababu kuna kaya nyingine inayongoja, nayo haina mwingine wa kuitazama.

Zamani familia maskini ya ng'ambo ilikuwa ya Puerto Rico, kisha ya Poland, kisha ikawa yetu. Leo wengi wetu ndio tuko ng'ambo, tuna mishahara, na familia maskini iko nyumbani, kwenye kihamba tunachokijua mipaka yake. Mtamba ni ghali kwa mtu mmoja. Kwa ndugu watano au kwa ukoo mmoja unawezekana. Ahadi zipelekwe kwa mweka hazina au kwa balozi wa chama wa mji wako kabla ya mkutano wa Desemba, ili banda la kwanza likaguliwe mkiwa nyumbani na mjionee wenyewe.